John Lincoln na mashine ya kuchomelea ya mtumba

Mafundi wengi wa mageti na matrela wamewahi kuliona jina Lincoln kwenye ubavu wa mashine ya kuchomelea. Si yule rais wa Marekani. Ni John Cromwell Lincoln, aliyezaliwa Painesville, jimbo la Ohio, mwaka 1866.

Alisoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akaondoka bila shahada. Mwaka 1895, mjini Cleveland, alianzisha kampuni kwa mtaji wa dola 200, akiuza mota za umeme alizobuni mwenyewe. Baadaye zikafuata chaja za betri za magari ya umeme.

Mwaka 1911 kampuni hiyo ilitoa mashine ya kuchomelea ambayo fundi aliweza kuihamisha na kubadili volti zake kulingana na kazi. Hilo linamhusu sana mnunuzi wa mashine ya waya iliyotumika, kwa sababu bati jembamba na chuma cha ekseli havichomwi kwa moto mmoja. Usiridhike kuona taa inawaka. Zungusha swichi ya volti hatua zote na uchome kipande cha chuma katika kila hatua. Hatua moja ikikosa moto, swichi au transfoma ina kasoro, na transfoma ndiyo yenye gharama.

Kisha bonyeza kifyatulio. Waya utoke kwa mwendo ule ule. Ukisitasita, angalia rola na mrija ulio ndani ya kebo. Hivyo huchakaa na si ghali, mradi spea zipatikane. Mota ya waya ikiwa imeungua na mashine ni ya toleo lisilotengenezwa tena, iache hapo hapo. Soma pia kibao cha nyuma: nyingine zinataka umeme wa njia tatu, na za Marekani huweza kuwa za volti 120.

Lincoln mwenyewe hakupenda sana kazi ya ofisini. Mwaka 1914 alimwachia uendeshaji mdogo wake, James, ambaye tangu 1934 aliwalipa wafanyakazi bonasi kutokana na faida. John alishughulika na uvumbuzi, shaba ya Arizona na hata siasa: mwaka 1924 aligombea umakamu wa rais kwa chama kidogo kilichotaka kodi itozwe kwenye thamani ya ardhi. Hakushinda.

Alifariki mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka mmoja kabla, kampuni yake ilikuwa imetoa waya wenye unga ndani, usiohitaji mtungi wa gesi. Kwa mkulima anayechomelea shambani penye upepo, waya wa aina hiyo ndio unaofaa. Ila kwa kawaida hutaka bunduki iunganishwe upande wa hasi, kinyume na waya wa gesi. Kabla ya kutoa fedha, fungua ubavu wa mashine uone kama nyaya hizo mbili zinaweza kubadilishana nafasi.