Padri Albert Joubert: mtoto wa kapiteni aliyekufa bila silaha kule Fizi

Ukiuliza mkristu wa Fizi ao wa Baraka juu ya mashahidi wa imani wa 1964, atakutajia majina manne: Vittorio Faccin, Luigi Carrara, Giovanni Didoné na Albert Joubert. Watatu wa kwanza walitoka Italia, katika shirika la Wasaveri. Wa nne alikuwa mtoto wa huku kwetu, mzaliwa wa kando ya Ziwa Tanganyika. Maisha yake yana somo kwa sisi tunaokaa katika eneo ambako bunduki zimesikika miaka mingi.

Albert Joubert alizaliwa mwaka wa 1908 huko Saint-Louis de Mrumbi, upande wa Moba, kusini kwetu lakini kwenye ukingo huu huu wa ziwa. Baba yake, Kapiteni Léopold Joubert, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa huko Roma. Alikuja miaka ya 1880 kusaidia Mapadri Weupe, wakati misafara ya biashara ya watumwa ilikuwa inachoma vijiji na kubeba watu. Kapiteni alifundisha vijana kupigana, akalinda misioni, na watu walikimbilia kwake. Alioa mwanamke wa huko, Agnès, wakapata watoto. Hakurudi tena kukaa Ulaya. Alifariki 1927, akazikwa huku huku.

Basi Albert alikulia katika nyumba ya askari, na tena alikuwa metisi: baba muzungu, mama Mwafrika. Wakati wa Wabelgiji hiyo haikuwa hali nyepesi. Kwa wazungu wengi, metisi alikuwa Mwafrika. Na Waafrika wengi walimuona ni muzungu. Mtu wa namna hiyo angeweza kujaa uchungu. Angeweza pia kushika bunduki kama baba yake. Albert alishika njia ingine: alipewa upadri mwaka wa 1935, na miaka 29 alikuwa padri katika nchi ya mama yake, mpaka kufikia Fizi.

Mwaka wa 1964 ikaja vita ya Mulele. Uvira ilianguka mikononi mwa Simba mwezi wa tano, na Fizi yote ikawa chini yao. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, askari wa Ubelgiji walishuka kwa parashuti Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Hasira juu ya wazungu na juu ya mapadri ikazidi kuwaka.

Siku nne kisha, tarehe 28, saa za mchana, gari la kijeshi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Kamanda alimwamuru Frère Faccin apande. Frère alikataa, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa ndani anaungamisha watu. Alipotoka na kuona mwili wa mwenzake, naye alikataa kuchukuliwa. Akapiga magoti karibu naye, akauawa. Jioni gari likapanda mpaka Fizi. Padri Didoné alipofungua mlango wakampiga, halafu wakampiga Padri Joubert. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Wengi wetu tunafikiri mpole ni mtu anayekubali kila kitu. Ile siku inaonyesha tofauti. Wale wawili wa Baraka walisema hapana, wazi kabisa, mbele ya bunduki. Walichokataa pia ni kurudisha ubaya kwa ubaya. Upole wa mkristu ni nguvu iliyofungwa kamba: mtu anaweza kukataa uovu, na bado asimchukie anayeufanya.

Na nguvu hiyo haipatikani kwa dakika moja usiku, wakati mlango unagongwa. Kifo cha Padri Joubert kilichukua muda mfupi sana. Miaka 29 ya upadri ndiyo iliyokuwa mirefu. Ni miaka ya kusikiliza watu wanaolia, kuungamisha, kuita wagonjwa kwa jina, kupatanisha waliogombana.

Kwetu sisi mazoezi yako karibu. Ni pale sokoni Baraka, mama anapobishana juu ya bei ya ndagala. Ni pale kwenye bomba la maji, mtu anapopita mbele ya foleni. Ni baba anayerudi nyumbani amechoka, mtoto amevunja sahani. Ni pale jirani wa kabila lingine anapotajwa, na kila mtu anangoja neno baya kutoka kinywani mwako. Wazee walisema hasira ni hasara. Hapa Fizi tumeshalipa hasara hiyo kwa nyumba, kwa mifugo na kwa watoto wetu. Anayeshindwa kunyamaza kidogo kwenye bomba, siku ya bunduki atafanya nini?

Tarehe 18 mwezi wa nane 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri kwa jina la Papa. Wanasimama sasa pamoja na Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro siku tatu baada yao, tarehe mosi mwezi wa kumi na mbili 1964.

Kapiteni Joubert alilinda watu kwa silaha, na wakati wake walimshukuru. Mtoto wake hakuacha silaha yoyote Fizi. Lakini miaka 60 kisha kifo chake, umati wa watu ulikusanyika Uvira kumshukuru Mungu kwa ajili yake.