Jumatano: Chauncy Maples na Watu wa Masasi

Soma Danieli 3:16–18 na Waebrania 11:32–38. Katika Waebrania, ni nani walioepushwa na upanga, na ni nani waliouawa kwa upanga? Je, imani yao ilitofautiana?

Ndugu zetu wa Nkowe, Ruangwa na Nachingwea wanaifahamu milima ya mawe ya Masasi, iliyo kusini kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alileta hapo kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wamenyang'anywa kwao na kuuzwa kama mifugo, na sasa walikuwa huru. Wakajenga nyumba, wakalima mashamba, wakamwabudu Mungu aliyewatoa mkononi mwa wafanyabiashara wa watumwa.

Kati ya wachungaji waliowahudumia alikuwa Chauncy Maples, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1852 na kusoma Oxford. Alifika Masasi akiwa kijana. Alijifunza Kimakua kwa bidii, hata akaandika kitabu kuhusu lugha hiyo.

Kisha, Septemba 1882, wakaja Wamagwangwara, wapiganaji wa Kingoni kutoka magharibi, ambao jina lao tu lilitia hofu nchi nzima. Kijiji kidogo cha misheni hakikuwa na nguvu ya kushindana nao. Baadhi ya watu waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Fikiria uchungu huo: mtu aliyekwisha kuonja utumwa na kuwekwa huru, anafungwa tena. Maples mwenyewe alisalimika, lakini mchungaji anawezaje kufurahia uhai wake wakati kundi lake limetawanyika?

Imani yao ilijaribiwa hapo. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Mungu aliwaokoa mara moja tu, kisha akachoka. Lakini kazi haikuachwa. Mchungaji mwenzake, Porter, alifunga safari kwenda nchi ya Wangoni, kwa wale wale waliowashambulia, ili kuwakomboa mateka. Maples naye aliendelea kuhudumu Newala, kwa mfalme wa Kiyao aitwaye Matola, na baadaye akaenda kisiwa cha Likoma katika Ziwa Nyasa.

Mwaka 1895 alirudi Uingereza, akawekwa wakfu kuwa askofu. Alipokuwa akirejea Likoma, tarehe 2 Septemba mwaka huo, dhoruba iliipindua mashua yake usiku. Aliwaambia mabaharia Waafrika wajiokoe wenyewe wala wasihatarishe maisha yao kwa ajili yake. Wao walifika pwani. Yeye alizama, naye akazikwa Kota Kota.

Aliyeokoka upanga hakuokoka maji. Je, Mungu alimwacha? Vijana watatu wa Babeli walikuwa wamekwisha kujibu swali hili kabla hawajaijua hatima yao. Walimtumaini Mungu mwenyewe kuliko njia ambayo angeitumia kuwaokoa. Wokovu wa sasa ni ishara tu. Ukombozi kamili utakuja siku ya ufufuo, wala hakuna adui atakayeuzuia.

Maswali ya kujadili:
1. Tunawezaje kumtia moyo mtu aliyeokolewa na Mungu jana, lakini leo amepatwa na lile lile aliloliogopa?
2. Safari ya kwenda kuwakomboa mateka inatufundisha nini kuhusu tofauti kati ya kumtumaini Mungu na kukaa bila kutenda?
3. Ni adui gani mwenye nguvu anayekukabili sasa? Utamtumaini Mungu hata asipokuokoa kwa njia uliyoomba?