Robert Schuman, Mtu wa Mpakani

Vita vikubwa vinapokwisha, kazi ngumu kuliko zote huwa ndiyo kwanza inaanza. Mizinga ikinyamaza, mshindi huona mbele yake njia mbili: kumkandamiza aliyeshindwa asiinuke tena, au kutafuta namna ya kuishi naye. Ulaya ilizijaribu njia hizo zote mbili katika karne ya ishirini, ya kwanza baada ya 1918 na ya pili baada ya 1945, na matokeo ya kila moja yanajulikana. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Robert Schuman, aliyeziona zote mbili kwa macho yake. Twaona ya kuwa katika maisha yake mna fundisho ambalo husahauliwa mara nyingi, yaani kwamba msamaha wa moyoni ndio mwanzo wa amani, lakini hauwezi kudumu baina ya mataifa usipopewa sheria, mahakama na kazi ya pamoja.

Alizaliwa tarehe 29 Juni 1886 katika kitongoji cha Clausen, mjini Luxembourg. Baba yake alikuwa mtu wa Lorraine. Ufaransa iliposhindwa katika vita vya 1870 na 1871, Ujerumani ilitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine. Hivyo baba alizaliwa Mfaransa akajikuta Mjerumani, na mtoto akazaliwa raia wa Ujerumani katika nchi ya mama yake. Tangu utotoni alizijua lugha tatu: Kiluxembourg, Kijerumani na Kifaransa. Alisoma sheria Bonn, Munich, Berlin na Strasbourg. Mwaka 1911 mama yake alikufa katika ajali ya gari la farasi, na kijana huyo, ambaye baba yake alikwisha kufa zamani, alifikiri kuacha yote na kuwa padre. Rafiki yake alimshauri abaki mlei na kuwatumikia watu katika ulimwengu. Alikubali, akaanza uwakili mjini Metz mwaka 1912, wala hakuoa maisha yake yote.

Vita vya 1914 vilipoanza, hakupelekwa mstari wa mbele kwa sababu ya afya yake. Aliwekwa katika kazi za ofisi. Mwaka 1918 Ujerumani ilishindwa, na Lorraine ikarudi mikononi mwa Wafaransa. Schuman, akiwa na umri wa miaka 32, alibadilika kuwa Mfaransa bila kuhama mji. Lakini washindi hawakuwapokea wenyeji wote sawasawa. Watu wa majimbo yale waligawiwa vyeti vya aina nne kwa kufuata asili ya wazazi wao, na wengi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa. Mwaka 1919 watu wa Moselle walimchagua Schuman kwenda katika Bunge la Paris. Kazi yake kubwa huko ilikuwa kulinganisha sheria za Kijerumani na za Kifaransa, ili watu wake wasipoteze bima za wafanyakazi wala taratibu za dini walizozizoea. Kazi hiyo haikumletea sifa nyingi, lakini ilimfundisha kwa vitendo kwamba sheria za mahasimu wawili zaweza kuunganishwa, kifungu kwa kifungu, pasipo mmoja kumezwa na mwenzake.

Wakati huohuo amani iliyotiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni 1919 ilikuwa ikioza. Ujerumani ilitakiwa kulipa fidia kubwa, sehemu yake kwa makaa ya mawe. Malipo yalipochelewa, askari wa Ufaransa na Ubelgiji waliingia bonde la Ruhr mwezi wa Januari 1923 ili kuyachukua makaa hayo kwa nguvu. Chuki iliyoachwa na mambo hayo, pamoja na dhiki ya ukosefu wa kazi iliyofuata, ilimfungulia njia Hitler, aliyeshika utawala mwaka 1933. Hatusemi kwamba fidia peke yake ilileta vita vya pili. Twasema tu kwamba aliyeshindwa hakuachiwa njia ya kurudi miongoni mwa wenzake kwa heshima.

Mwaka 1940 Ufaransa iliangushwa kwa majuma machache. Schuman, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya wakimbizi, alikuwa miongoni mwa wabunge 569 waliompa Marshal Pétain mamlaka yote tarehe 10 Julai. Kura hiyo ilimtia doa, na vita vilipokwisha ilibidi ajieleze kabla ya kuruhusiwa kurudi katika siasa. Lakini hakushirikiana na Wanazi. Alirudi Metz kati ya watu wake, akakamatwa na polisi wa siri wa Kijerumani mwezi wa Septemba 1940, akafungwa peke yake kwa miezi. Baadaye alihamishiwa Neustadt chini ya ulinzi, akatoroka mwezi wa Agosti 1942, akaishi mafichoni, mara nyingi katika nyumba za watawa. Mtu wa namna hiyo alikuwa na sababu zote za kutaka kisasi.

Baada ya vita alirudi bungeni. Alikuwa Waziri wa Fedha, kisha, kuanzia Novemba 1947, Waziri Mkuu katika majira ya baridi ya njaa na migomo mikubwa, kisha Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje tangu Julai 1948. Hapo alikuta swali lilelile la 1919. Dola ya Ujerumani Magharibi iliundwa mwaka 1949, na Marekani, kwa kuihofia Urusi, ilitaka nchi hiyo ipate nguvu tena. Washirika walikuwa wameiwekea mpaka wa kufua tani milioni 11.1 za chuma cha pua kwa mwaka, na Wajerumani walitaka mpaka huo uondolewe. Wafaransa waliogopa, maana waliokwisha kuvamiwa mara tatu katika miaka sabini walijua vizuri chuma hicho kilivyotumika. Ufaransa, kwa upande wake, ilikuwa imelitenga jimbo la Saar lenye makaa, na jambo hilo liliwaudhi Wajerumani hata Schuman alipozuru Bonn mwezi wa Januari 1950 alipokelewa kwa ubaridi.

Ndipo Jean Monnet, aliyekuwa akiongoza mipango ya uchumi wa Ufaransa, alipomletea waraka mfupi. Schuman alikwenda nao nyumbani kwake Scy-Chazelles, karibu na Metz, mwisho wa juma, akaurudisha akiwa ameukubali. Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1950 barua ya siri ilipelekwa kwa Konrad Adenauer huko Bonn, naye akakubali siku hiyohiyo. Jioni Schuman alitangaza shauri hilo Paris. Makaa na chuma cha pua vya Ufaransa na Ujerumani vingewekwa chini ya mamlaka moja, na nchi nyingine zingekaribishwa. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu wa Lorraine. Mizinga hufuliwa kwa chuma, na tanuri za chuma huwashwa kwa makaa; mataifa yanayovimiliki vitu hivyo kwa pamoja, na kukaguana hesabu kila siku, hayawezi kujiandaa kupigana kwa siri.

Upinzani ulikuwa mkali. Wafuasi wa de Gaulle walilikataa shauri hilo, Wakomunisti pia, na Uingereza haikujiunga. Kwa muda mrefu maadui zake walimwita Mjerumani, ili kumwaibisha. Hata hivyo Mkataba wa Paris ulitiwa sahihi tarehe 18 Aprili 1951 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Ulianzisha Mamlaka Kuu ya watu tisa, mahakama, baraza la mawaziri na baraza la wabunge. Italia iliongozwa na Alcide De Gasperi, aliyezaliwa katika jimbo la Trento chini ya utawala wa Austria. Yeye, Adenauer na Schuman walikuwa Wakatoliki wa nchi za mipakani, na wote watatu waliweza kuzungumza Kijerumani pasipo mkalimani.

Si kila alilotaka lilifaulu. Shauri la kuunganisha majeshi, lililotiwa sahihi mwaka 1952, lilikataliwa na Bunge la Ufaransa tarehe 30 Agosti 1954. Tena sisi wa Afrika tuna neno letu la kusema. Tangazo la 1950 lilitaja maendeleo ya Afrika kuwa mojawapo ya kazi za Ulaya, lakini Waafrika hawakuketi mezani. Mwishoni mwa 1951 Schuman mwenyewe alitia sahihi barua iliyozima matumaini ya Watunisia ya kujitawala. Na Mkataba wa Roma wa 1957, uliopanua kazi ya 1950, uliziunganisha Kongo na Ruanda-Urundi na soko la Ulaya bila wenyeji kuulizwa. Usawa aliompa adui wa jana, hakumpa mtawaliwa. Haki yataka tuliseme hilo pamoja na sifa zake.

Alikuwa rais wa kwanza wa Baraza la Wabunge la Ulaya, 1958 hata 1960, kisha akastaafu katika nyumba yake ya Scy-Chazelles, kati ya vitabu vyake. Aliishi hata kuona matunda: Julai 1962 Adenauer na de Gaulle walisali pamoja katika kanisa kuu la Reims, lililopigwa mizinga ya Kijerumani mwaka 1914, na mwaka 1963 nchi mbili hizo zilianzisha ofisi ya kuwapeleka vijana wa upande mmoja kuishi na kujifunza kwa wenzao. Alifariki tarehe 4 Septemba 1963. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliruhusu itangazwe kwamba Schuman aliishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa.

Jumuiya ya makaa na chuma ilimaliza muda wake mwaka 2002, kazi zake zikiwa zimechukuliwa na Umoja wa Ulaya. Nchi zile sita hazikupigana tena. Twawaomba wanaokutana baada ya vita, iwe kati ya mataifa au kati ya makabila ya nchi moja, wajiulize kwanza alilojiuliza wakili huyu wa Metz: ni kitu gani tulichokuwa tukipigania, na twaweza kukisimamia pamoja kwa sheria ipi? Waliopatana kwa kupeana mikono tu, bila kulijibu swali hilo, hurithisha ugomvi wao kwa watoto.