George Pocock: Mwalimu aliyeupima mwendo wa upepo kwa maili na saa

WAKAZI wa vijiji vilivyopakana na barabara ya kutoka Bristol kuelekea Marlborough, kusini magharibi mwa Uingereza, walishuhudia kioja katika miaka ya 1820. Gari lililojaa abiria lilikuwa likiwajia kwa kasi, magurudumu yakinguruma, lakini mbele yake hapakuwa na farasi wala punda wa kulikokota. Ni pale walipoinua macho ndipo walipoona, juu kabisa angani, tiara mbili zilizotangulizana kwenye kamba moja ndefu, nayo kamba hiyo imefungwa kwenye gari.

Aliyelibuni gari hilo hakuwa mchawi wala mwanasarakasi. Alikuwa mwalimu wa shule kwa jina George Pocock.

Leo hii, kuna watu wengi duniani wanaoendesha vigari vidogo vya magurudumu matatu vinavyovutwa na tiara, hasa katika fuo pana za bahari na kwenye maziwa yaliyokauka. Mwendeshaji huketi karibu kabisa na ardhi, akageuza gurudumu la mbele kwa miguu na kuiongoza tiara kwa mikono. Jua linapotua na kamba kukunjwa, swali ambalo huulizana ni moja tu: nani amekwenda mbio zaidi, na ana ushahidi gani? Pocock alikumbana na swali hilo karne mbili zilizopita, na jinsi alivyolijibu ndiyo sababu jina lake halijasahaulika.

Pocock alizaliwa mwaka wa 1774 katika mji mdogo wa Hungerford, jimbo la Berkshire. Tangu utotoni alivutiwa mno na tiara, au vishada kama wengine wanavyoviita. Wenzake walitosheka kuzitazama zikielea. Yeye alifunga jiwe mwishoni mwa uzi ili aone iwapo upepo ungeweza kulinyanyua. Liliponyanyuka, alitafuta mzigo mzito zaidi. Mwana huyo hakutaka kujua tu kwamba upepo una nguvu. Alitaka kujua ni nguvu kiasi gani.

Alipokuwa mtu mzima alihamia Bristol, ambako alianzisha shule ya wavulana katika mtaa wa Prospect Place. Huko alijulikana kwa ubunifu wa kila aina, mwingine wa kusifiwa na mwingine wa kuchukiza. Alibuni tufe la dunia la karatasi, lililoweza kukunjwa na kujazwa hewa wakati wa somo la jiografia. Wakati huo huo, inasimuliwa kwamba alitengeneza mtambo wa kuwachapa wanafunzi watundu, wenye gurudumu na mikono ya bandia, ili mwalimu asichoke. Ni vigumu kuamini kwamba vitu hivyo viwili vilitoka katika kichwa kimoja, lakini ndivyo alivyokuwa.

Fauka ya hayo, Pocock alikuwa mhubiri wa madhehebu ya Methodisti. Kuanzia mwaka wa 1814 yeye na wenzake walizunguka na hema kubwa wakiwahubiria maskini waliokuwa mbali na makanisa. Wakuu wa kanisa hawakupendezwa na uhuru huo, na kufikia mwaka wa 1820 kundi lake lilikuwa limetengwa. Hata hivyo, hakukata tamaa. Mtu aliyezoea kusimamisha turubai katika upepo wa uwanjani hakuwa mgeni wa nguvu za dhoruba.

Mwaka wa 1824 alifanya jaribio ambalo mzazi wa leo angefikishwa mahakamani kwa ajili yake. Alitengeneza tiara ya urefu wa futi 30, akafunga kiti kwenye kamba, kisha akamketisha bintiye Martha, msichana wa miaka 12 hivi. Upepo ulimpandisha Martha zaidi ya futi 270 angani, yaani zaidi ya mita 80, kabla ya kushushwa salama. Baadaye mwaka huo ilikuwa zamu ya mwanawe wa kiume, aliyeinuliwa hadi kilele cha jabali la futi 200 nje ya mji.

Pocock alikuwa na hoja. Pwani za Uingereza zilikuwa makaburi ya mabaharia ambao merikebu zao zilivunjika chini ya majabali, jamaa zao wakiwatazama kutoka juu bila uwezo wa kuwafikia. Tiara inayoweza kumpandisha mtoto jabalini, aliamini, ingeweza kumwokoa baharia. Lengo lilikuwa jema. Lakini aliyehatarishwa hakuwa yeye, na kamba moja tu ingekatika, historia ingemkumbuka kwa jina jingine kabisa.

Kamba haikukatika. Martha alikua, akaolewa na daktari Henry Mills Grace, na mwaka wa 1848 akamzaa W. G. Grace, mchezaji kriketi aliyetokea kuwa maarufu kuliko wote katika karne hiyo. Mashabiki wa kriketi humu nchini, ambao hawajasahau timu ya Kenya ilivyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka wa 2003, huenda hawajui kwamba mama yake Grace aliwahi kuning'inia angani kwa uzi wa babu yake.

Mnamo 1826, Pocock pamoja na Kanali James Viney walipata hataza ya gari lililovutwa na tiara. Walilipa jina la Charvolant, lenye asili ya Kifaransa na maana ya gari lirukalo. Tiara mbili zilirushwa kwa kamba ya kati ya futi 1,500 na 1,800, takriban nusu kilomita. Tiara ya juu ilikuwa kiongozi; kazi yake ilikuwa kuishikilia ile kubwa ya chini mahali penye upepo wa kutegemewa. Kamba nne zilimwezesha dereva kuigeuza tiara kushoto au kulia, na kuilaza ili ipoteze nguvu. Magurudumu ya mbele yaliongozwa kwa usukani wa mkono, na breki ilikuwa chuma kilichodidimizwa barabarani.

Mabaharia wetu wa Pwani wangelielewa gari hilo mara moja. Nahodha wa jahazi anajua kwamba chombo hakilazimiki kwenda tu kule upepo unakoelekea. Tanga likipangwa vyema, kitakwenda hata upande. Charvolant lilikuwa jahazi la nchi kavu, ila tanga lake lilikuwa limeachiliwa likapaa mbali na mlingoti.

Basi, lilikwenda mbio kiasi gani?

Hapo ndipo penye utata. Mtu anayesukumwa na upepo kutoka nyuma hudanganywa na mwili wake. Upepo ukivuma kilomita 40 kwa saa naye akaenda kilomita 35 kuufuata, mgongoni atahisi upepepo mdogo tu, kana kwamba amesimama kivulini. Kwa upande mwingine, kelele za magurudumu na mtikisiko wa barabara mbovu humfanya aape kwamba ameruka kama mshale. Hisia ya kwanza humpunguzia mwendo, ya pili humwongezea. Hakuna hata moja inayofaa kuwa shahidi.

Pocock aliegemea vipimo. Barabara kuu za wakati huo zilikuwa na mawe yaliyoonyesha umbali kila baada ya maili moja. Aliyekuwa na saa mfukoni aliweza kutazama mshale anapopita jiwe la kwanza, kisha anapopita la pili. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1827 kuhusu sanaa ya kusafiri kwa tiara, Pocock alieleza kwamba gari lake liliweza kumaliza maili moja kwa dakika mbili na robo tatu, tena juu ya barabara nzito.

Tufanye hesabu. Maili moja ni mita 1,609, na dakika mbili na robo tatu ni sekunde 165. Hiyo ni karibu mita 10 kwa kila sekunde, sawa na kilomita 35 kwa saa. Magari ya farasi yaliyobeba barua, ambayo ndiyo yaliyosifika kwa haraka, yalikwenda chini ya nusu ya mwendo huo.

Uzuri wa kipimo cha maili nzima ni kwamba kinasamehe makosa madogo. Aliyekosea kusoma saa kwa sekunde tano angepotosha jibu kwa kilomita moja tu kwa saa. Lau angepima mita 100 pekee, umbali ambao gari hilo lingemaliza kwa sekunde 10 hivi, kosa la sekunde mbili lingevuruga hesabu nzima. Ubaya wake ni kwamba unapata wastani, si kilele. Dharuba iliyolirusha gari kwa nukta chache haionekani popote.

Visa vya safari hizo vilikuwa vingi. Inasimuliwa kwamba siku moja Charvolant lililipita gari la Mtawala wa Gloucester, jambo lililohesabiwa kuwa utovu wa adabu kwa mtu wa ukoo wa kifalme. Waendeshaji walilazimika kusimama ili mheshimiwa atangulie tena. Aidha, kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara, malipo yalikadiriwa kwa idadi ya wanyama. Gari lisilo na mnyama halikuwa na la kulipa.

Mwaka wa 1828 Pocock alilionyesha gari lake mbele ya Mfalme George IV katika mashindano ya farasi ya Ascot. Tiara zake zilijaribiwa pia kuvuta vyombo katika mto Mersey, Liverpool. Watu walishangaa, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani. Hakuna kampuni ya uchukuzi iliyonunua wazo hilo.

Waama, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka wa 1829 garimoshi la Rocket lilishinda majaribio ya Rainhill kwa mwendo ambao kilele chake kilizidi kilomita 40 kwa saa, na mwaka uliofuata reli ya Liverpool hadi Manchester ikafunguliwa. Tofauti kati ya vyombo hivyo viwili haikuwa kubwa kwa kasi. Tofauti ilikuwa kwamba garimoshi lilikwenda Jumatatu, likaenda na Jumanne. Charvolant liliweza kuwapita farasi leo, kesho likakaa kutwa nzima likisubiri upepo, na miti kando ya barabara haikuwa rafiki wa kamba zake. Maili moja kwa sekunde 165 ilikuwa kweli tupu, lakini haikujibu swali la msafiri: nitafika saa ngapi?

Pocock aliaga dunia mwaka wa 1843. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanasayansi Christian Doppler alikuwa ameeleza mjini Prague jinsi mawimbi yanavyobadilika kitoacho mawimbi kinaposogea. Vifaa vinavyotumia setilaiti, ambavyo waendeshaji wa leo huvibeba mfukoni, hutegemea kanuni hiyo kukadiria mwendo. Vimeonyesha vigari vya tiara vikipita kilomita 120 kwa saa. Hata hivyo, wazoefu hawaamini upesi namba moja kubwa iliyotokea kwa nukta moja, kwa kuwa ishara ikiyumba kifaa hudanganya. Hupendelea wastani wa sekunde kadhaa, yaani wamerejea kwenye busara ya mwalimu wa Bristol.

Wazo lake nalo limepata njia nyingine. Mwaka wa 2008 meli ya mizigo MS Beluga SkySails ilivuka bahari ya Atlantiki ikisaidiwa na tiara kubwa ili kupunguza mafuta. Si kwa sababu tiara ina kasi kuliko injini, bali kwa sababu upepo hauuzwi.

Pocock hakuwa malaika. Aliwatishia wanafunzi kwa mtambo na kuwapandisha wanawe mahali ambapo yeye mwenyewe hakupanda kwanza. Lakini katika jambo moja aliwaachia wanaopenda mbio funzo la kudumu. Hakuishia kuwaambia watu kwamba gari lake lilikwenda kama upepo. Aliwapa maili, akawapa na dakika, wakafanye hesabu wenyewe.