Bakhita, Aliyechagua Kushukuru



Wengi wetu tunakumbuka Desemba 2013, watu walipokimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa ya Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege wa Juba. Chini ya turubai, na baadaye katika tope la mvua za 2014, maswali yalikuwa yaleyale: Watoto watakula nini? Nani amebaki hai? Tumeondoka Thongpiny, lakini wasiwasi ule tumekuja nao. Ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia habari za dada yetu Bakhita, ambaye watu wa Juba wanalijua jina lake kwa Redio Bakhita ya Jimbo Kuu Katoliki.

Bakhita alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Darfur. Alikuwa bado mtoto mdogo wafanyabiashara ya watumwa walipomteka karibu na kijiji chao. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Hao waliomteka ndio waliomwita Bakhita, maana yake mwenye bahati. Aliuzwa mara kadhaa, El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa mwilini kwa wembe, vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Wazazi wake hakuwaona tena.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa Italia mjini Khartoum, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 alifika Italia, akapewa familia ya Michieli, akawa mlezi wa binti yao. Baadaye yeye na mtoto huyo waliachwa kwa muda kwa Masista Wakanosa, mjini Venice. Hapo alifundishwa habari za Mungu. Tangu utotoni alikuwa akitazama jua na nyota na kujiuliza mwenye vitu hivi ni nani. Sasa alimjua.

Mama wa mtoto aliporudi kuwachukua ili waende Suakin, Bakhita alikataa, ingawa alimpenda sana mtoto yule. Shauri likafika mbele ya wakuu wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akaitwa Josephine. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za utawa. Kwa miaka mingi alikaa Schio, akipika, akishona na kufungua mlango wa nyumba ya masista, hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Ndugu, siku moja aliulizwa angefanya nini akikutana na waliomteka. Alijibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu bila njia ile asingekuwa Mkristo. Neno hili ni gumu kwetu tuliozika watu wetu. Tusilielewe vibaya. Bakhita hakusema kwamba utumwa ni mwema. Alipopata nafasi alikataa kurudi. Alichoshukuru ni kwamba Mungu hakumwacha katika njia mbaya aliyopitishwa na watu.

Tena shukrani yake haikufuta maumivu. Katika ugonjwa wake wa mwisho alijiona tena mtumwa, akamwomba aliyemuuguza amlegezee minyororo. Kwa hiyo mama anayeamka usiku akisikia risasi zisizokuwapo asidhani kwamba imani yake ni ndogo. Kushukuru si kusahau. Ni kuchagua, jeraha likiwa bado linauma, ni nani wa kumtazama.

Mtume Paulo naye alikuwa kifungoni alipowaandikia Wafilipi waache kusumbuka na waombe kwa shukrani. Basi jioni hii, kabla ya kuhesabu unga uliobaki, kila familia ikae pamoja na kila mmoja, hata mtoto mdogo, ataje jambo moja analomshukuru Mungu. Kisha tumwambie pia yale yanayotutisha, bila kuficha. Unga hautaongezeka usiku huo, lakini hatutalala tukiwa peke yetu na hofu yetu.

Mungu awabariki. Amina.