Von Neumann: Aliyechora njia kati ya prosesa na kumbukumbu

Na Mwandishi Wetu, Matemwe

MVUVI wa Matemwe, kaskazini mashariki mwa Unguja, anapowasha simu yake ya mkononi, prosesa iliyomo huanza kusoma maagizo kutoka katika kumbukumbu kwa utaratibu ulioandikwa mwaka 1945 na mwanahisabati John von Neumann.

Von Neumann alizaliwa Desemba 28, 1903 mjini Budapest, Hungary. Mwaka 1926 alipata shahada ya uzamivu ya hisabati mjini humo, na mwaka huo huo akahitimu uhandisi wa kemia mjini Zurich, Uswisi. Mwaka 1930 alikwenda Princeton, Marekani, na mwaka 1937 akawa raia wa nchi hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alishiriki kubuni bomu la atomiki, kazi iliyohitaji mahesabu mazito. Mwaka 1944 alianza kushirikiana na J. Presper Eckert na John Mauchly, waliokuwa wakijenga kompyuta ya ENIAC mjini Philadelphia. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30, na kuibadilishia kazi kulihitaji kuunganisha nyaya upya, jambo lililoweza kuchukua siku kadhaa.

Rasimu yake ya Juni 30, 1945 ilieleza kuwa maagizo na takwimu vikae katika kumbukumbu moja. Prosesa hutaja anwani, kumbukumbu hurejesha kilichomo, agizo hutekelezwa, kisha linalofuata huitwa.

Hata hivyo, rasimu hiyo ilisambazwa ikiwa na jina lake peke yake. Eckert na Mauchly walilalamika kuwa wamenyimwa haki, kwani wazo hilo walikuwa nalo kabla ya ujio wake. Mwaka 1973 mahakama ya Marekani ilibatilisha hataza ya ENIAC, na kusambazwa kwa rasimu hiyo kulikuwa miongoni mwa sababu.

Von Neumann hakuishi kuona hukumu hiyo. Alifariki dunia kwa saratani Februari 8, 1957 mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 53.

Utaratibu wake una kasoro moja: kila kitu hupita njia ile ile, hivyo prosesa yenye kasi hulazimika kusubiri. Ndiyo maana wahandisi huweka kumbukumbu ndogo na nyepesi karibu na prosesa, kupunguza safari za kwenda katika kumbukumbu kuu.