Tolkien, Mwalimu Aliyetunga Lugha

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, Afrika ya Kusini. Wazazi wake walikuwa Waingereza, na baba yake alifanya kazi ya benki. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, mama alimpeleka Uingereza pamoja na mdogo wake. Baba alibaki, akitumaini kuwafuata. Lakini alishikwa na ugonjwa, akafa mwaka 1896, mbali nao.

Mama yake, jina lake Mabel, hakuwa na mali, lakini alikuwa na elimu. Yeye mwenyewe aliwafundisha watoto wake kusoma na kuandika. Alimfundisha John Kilatini, na Kifaransa na Kijerumani kidogo. John alikipenda Kilatini kuliko Kifaransa, kwa sababu sauti za maneno yake zilimpendeza.

Mwaka 1900 Mabel aliingia katika Kanisa Katolika. Ndugu zake walikasirika, wakaacha kumsaidia kwa fedha. Yeye hakurudi nyuma. Aliishi kwa shida, akawalea watoto wake katika imani. Mwaka 1904 alikufa kwa ugonjwa wa sukari, maana wakati ule dawa ya insulini ilikuwa haijapatikana. John alikuwa na miaka 12 tu. Lakini mama alikuwa amewakabidhi watoto wake kwa Padri Francis Morgan, wa Oratorio ya Birmingham. Padri huyo aliwatunza kama baba, hata akatoa fedha zake mwenyewe kwa ajili yao.

Tangu utoto John alipenda lugha kama watoto wengine wanavyopenda mpira. Mahali pamoja walipokaa, gari la moshi lilipita nyuma ya nyumba na mabehewa ya makaa ya mawe. Juu yake yaliandikwa majina ya Kiwales. John hakuyafahamu, lakini yalimkaa moyoni. Pamoja na binamu yake alitunga lugha ya mchezo. Kisha akatunga nyingine iliyofanana na Kihispania, maana Padri Francis alikuwa na vitabu vya Kihispania.

Mwaka 1911 aliingia chuo kikuu cha Oxford. Huko aliona kitabu cha sarufi ya Kifini, akafurahi sana. Mwaka 1915 alianza kuandika orodha ya maneno ya lugha yake mpya. Jina lake aliliandika kwanza Qenya, halafu Quenya. Herufi ziligeuka, lakini sauti ni ile ile: kwenya. Baadaye alitunga na lugha ya Sindarin, ambayo sauti zake zinafanana na Kiwales.

Mwaka 1916 alimwoa Edith, na baada ya miezi michache akapelekwa vitani Ufaransa, penye mto Somme. Mwaka ule rafiki zake wawili wa shule walikufa. Yeye alishikwa na homa iletwayo na chawa, akarudishwa kwao. Hapo alianza kuandika hadithi za watu waliosema lugha zake.

Mwaka 1925 akawa profesa huko Oxford. Kitabu chake The Hobbit kilitoka mwaka 1937, na The Lord of the Rings kilitoka katika sehemu tatu, mwaka 1954 na 1955.

Sasa sikilizeni habari ya herufi. Katika Kiingereza mna herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa. Tolkien alijua kwamba wasomaji wangeharibu majina ya hadithi yake. Basi mwishoni mwa sehemu ya tatu aliweka mafundisho ya kusoma.

Herufi C ina sauti moja tu, yaani K, hata mbele ya E na I. Jina Celeborn husomwa Keleborn. Mtoto anayefuata desturi ya Kifaransa angesema Seleborn, naye angekosa. Hapo kwanza Tolkien mwenyewe aliandika K, kisha akachagua C ili maneno yafanane na Kilatini. TH ni kama katika thelathini, na DH ni kama katika dhahabu. Lakini CH si ile ya chakula. Hutoka kooni, kama Waarabu wanavyotamka mwisho wa neno sheikh.

E ya mwisho hutamkwa daima. Mara nyingi Tolkien aliweka nukta mbili juu yake, ili Waingereza wasiimeze. Mswahili haoni shida hapo, kwa sababu hutamka kila irabu. Lakini mkazo wa sauti ni tofauti. Sisi huuweka karibu daima penye silabi ya pili toka mwisho. Katika jina Isildur ni hivyo: i-SIL-dur. Lakini katika Denethor mkazo unarudi nyuma: DE-ne-thor, kwa sababu silabi ya katikati ni nyepesi.

Mwaka 1953 wapiga chapa walibadilisha maneno yake kadhaa ya Kiingereza, wakidhani ni makosa. Tolkien hakukubali. Alidai yarudishwe kama alivyoyaandika.

Mtu huyu hakusahau imani ambayo kwa ajili yake mama yake aliachwa na ndugu. Mwana wake wa kwanza akawa padri. Naye mwenyewe alitafsiri Baba Yetu na Salamu Maria kwa Quenya. Lugha aliyoianza kwa kujifurahisha aliifundisha kusali.

Tolkien alikufa tarehe 2 Septemba 1973, akiwa na miaka 81. Alizikwa Oxford pamoja na mke wake. Juu ya kaburi yameandikwa pia majina mawili ya hadithi zake, Luthien na Beren. Ninyi mmekwisha kujua namna ya kuyasoma.

Watoto, anayeandika ovyo humpoteza anayesoma. Mwandike kila neno vizuri, na kulitamka vizuri, hata liwe dogo.

Maulizo
1. Kwa nini ndugu za Mabel waliacha kumsaidia?
2. Katika lugha za Tolkien, herufi C ina sauti gani?
3. Tafuta maneno matano ya Kiswahili yenye TH au DH, uyasome kwa sauti.